Pamba ya Serikali

Hapo zamani, na zamani katika nchi hii ni jana saa nne asubuhi, palikuwa na kilima kimoja na watu wa aina mbili waliokipenda. Kupenda kilima si kosa. Shida ni kwamba kila aina ilijiita Wenye Nchi na kuwaita wenzao Waliokuja, hata wageni wakawa hawajui nani alifika lini. Wakubwa wa dunia walipochoka kuuliza, wakaamua kuwaita watu wa Juu na watu wa Chini, kufuatana na upande wa kilima ambao kila mmoja alijikuta amelala baada ya vita vya mwisho.

Wazee wa watu wa Juu waliteswa katika nchi za baridi, wakauawa mpaka wakabaki wachache, na hao wachache wakarudi kilimani ambako vitabu vyao vilisema ndiko walikotoka. Wazee wa watu wa Chini walikuwa papo hapo kilimani siku hiyo, wanaanua nguo, wakafukuzwa na kuondoka na funguo za nyumba mifukoni, wakidhani watarudi Jumatatu. Yote mawili ni kweli. Ninasema hivyo kwa sauti ya chini, maana katika nchi yetu kusema kwamba yote mawili ni kweli ni kosa la jinai, na pande zote mbili huja kukushtaki kwa gari moja.

Ili kuleta amani, Tume ya Pamoja ilitunga Sheria ya Dibaji. Mtu wa Juu akikutana na mtu wa Chini, kabla ya neno lolote, hata salamu, kila mmoja amsomee mwenzake Dibaji ya upande wake, yaani maelezo rasmi ya yote ambayo upande huu umetendewa na upande ule. Mwanzoni ilikuwa ukurasa mmoja. Kisha upande mmoja ukaongeza mstari, upande wa pili ukanuna, na Tume ikapitisha kanuni inayosifiwa mpaka leo kwenye semina za nje: upande mmoja ukiongeza mstari, wa pili nao uongeze mstari siku hiyo hiyo kabla jua halijatua. Asiye na jipya hupewa la zamani. Haki ikatendeka hivyo, na Dibaji zikafika kurasa mia moja na themanini kila moja, saa nne na dakika kumi kwa msomaji asiye na kikohozi.

Hapo likazuka tatizo ambalo wataalamu hawakulitazamia. Watu walianza kusikia. Mwanamke mmoja wa Juu, muuza vitambaa, alilia waziwazi aliposomewa ukurasa wa hamsini wa Dibaji ya Chini. Mzee mmoja wa Chini alionekana amemshika mtu wa Juu bega, na hakuwa anamkaba. Wenyeviti wawili wa Tume, Mheshimiwa Asheri wa Juu na Mheshimiwa Shawki wa Chini, ambao kwa miaka kumi hawakuwa wamekubaliana hata juu ya saa ya chai, walikubaliana kwa dakika tano. Anayesomewa azibe masikio kwa pamba ya serikali. Sheria inataka Dibaji isomwe, walieleza, haikusema isikilizwe. Na msomaji naye azibe, asije akajisikia.

Mkataba wa Pamba ndio pekee ambao pande zote mbili zimeutekeleza bila kuuvunja hata mara moja. Kila raia hupewa pakiti moja kwa mwaka, yenye mhuri.

*

Sheria imeleta utulivu mkubwa. Mkulima wa Chini akileta nyanya Langoni, mnunuzi wa Juu humsomea Dibaji kwanza, naye mkulima humsomea yake, na wanapomaliza nyanya zimekwisha kuwa kitu kingine. Nyumba ya Chini iliyo karibu na Lango ilipowaka moto, gari la zimamoto la Juu lilifika upesi sana, na mkuu wa kikosi akasoma kurasa zote mia moja na themanini mbele ya mwenye nyumba bila kuruka hata mstari. Nyumba haikupona, lakini utaratibu ulipona. Nao mkutano wa amani unaendelea vizuri, uko mwaka wake wa thelathini na moja. Wajumbe husoma mpaka saa ya chakula, hula, hupigwa picha wameshikana mikono, kisha hurudi hotelini kupumzisha sauti. Mjumbe wa mataifa makubwa huja na ramani mpya kila mwaka, nasi huipokea kwa heshima na kuiweka katika chumba cha ramani.

Mimi ni karani wa Langoni. Lango ni la watu wa Juu, ufunguo wake wanao wao, ila karani lazima awe mtu asiye na upande, na kwa kuwa mtu wa namna hiyo hajapata kuzaliwa, waliamua kuajiri kiziwi. Ami yangu alikuwa anafahamiana na daktari. Nikapata cheti cha uziwi wa masikio yote mawili, nikapewa meza, vitabu viwili vya Dibaji, mhuri, na boksi la pamba ya kugawa.

Nasikia vizuri kabisa. Nasikia hata saa ya ukutani ikijikwaa. Kwa miaka kumi na tisa nimekaa pale na uso wa kiziwi huku nikisomewa Juu na Chini, Chini na Juu, na nadhani katika nchi nzima ni mimi peke yangu niliyezisikia Dibaji zote mbili mpaka mwisho. Sijisifu. Ni mzigo mbaya sana, kwa sababu zote mbili zinaniliza, na kiziwi akilia kazini inabidi aseme ni vumbi.

*

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Siku ya Kurejea. Kwa watu wa Chini, tarehe hiyo hiyo huitwa Siku ya Kufukuzwa. Upande mmoja hupiga ngoma na wa pili hupiga yowe, na kwa mbali huwezi kujua ni upi. Lango hufungwa kwa usalama, isipokuwa kwa wanaokwenda Birikani.

Birika ni kisima cha zamani cha mawe kilicho hatua chache kutoka mezani kwangu, baina ya kuta mbili. Miaka arobaini iliyopita watu wa pande zote walikuwa wanachota maji hapo. Asubuhi moja risasi zikaanza. Dibaji ya Juu inasema zilianzia Chini, Dibaji ya Chini inasema zilianzia Juu, na zote mbili zinalieleza jambo hilo katika ukurasa wa tisini na nne.

Bi Tamari wa Juu alikuja asubuhi, kama kila mwaka, kuweka jiwe dogo kwenye ukingo wa Birika. Alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye mikono mikubwa, na mdogo wake Elazi alifia hapo siku ile. Ndipo kutoka upande wa pili wakatokea wanawake wawili, Bi Hasina wa Chini na mke wa mwanawe, Salwa, mwenye mimba ambayo hata mimi niliona haikuwa ya kungoja. Hospitali iko Juu. Gari lao lilikuwa limezuiwa mbali na wamekuja kwa miguu.

Bi Hasina alimwona mtu wa Juu mbele yake, na kwa kuwa ni raia mwema, akasimama wima, akaziba masikio, akakifungua kitabu cha Chini mezani kwangu na kuanza ukurasa wa kwanza. Bi Tamari naye akaziba yake. Salwa alijishika ukutani. Wazee wakaondolewa majumbani kwao, alisoma Bi Hasina, na Salwa akaguna. Mashamba yakapewa majina mengine, alisoma, na Salwa akapiga magoti. Bi Hasina alikuwa anasoma mbio mbio kama mtu anayekimbilia mwisho wa kitabu, na mwisho ulikuwa mbele saa nne.

Walipofika ukurasa wa tatu Bi Tamari alitoa pamba masikioni. Hakusoma hata neno moja la Dibaji yake. Alimwendea Salwa, akaweka mkono juu ya tumbo lake, akasema, "Mwanangu, uchungu unakuja baada ya muda gani?"

Salwa alisema hauondoki tena.

Sikumbuki mambo yote yalikwendaje. Nakumbuka Bi Hasina aliendelea kusoma mpaka ukurasa wa tano kwa sababu hakusikia, halafu akageuka, akakiacha kitabu kikaanguka. Nakumbuka damu ilikuwa nyingi mno baada ya mtoto kutoka, na Bi Tamari akamalizia pakiti yake ya pamba, na ya Bi Hasina, na ya askari wa zamu, kisha akanitazama mimi na kunyoosha mkono bila kusema kitu, kwa sababu ni kiziwi. Nikampa boksi zima. Mgao wa wilaya mbili kwa mwaka mzima uliingia katika kuizuia damu ile, na ikazuilika.

Alikuwa mtoto wa kike. Alilia, na katika daftari la Lango niliandika kwamba matamshi yake hayakuegemea upande wowote.

*

Bi Tamari alishtakiwa kwa makosa matatu: kusema bila Dibaji, kugusa bila Dibaji, na kutumia pamba ya serikali kinyume cha madhumuni. Askari alieleza kwamba boksi lilitoka mezani kwangu. Bi Tamari akasema alilichukua mwenyewe, kwa nguvu, na kwamba karani maskini hakuelewa kinachoendelea. Nilitazama viatu vyangu. Nina wake na watoto, nilijiambia, ingawa kwa kweli nina mke mmoja.

Kwa pamoja makosa hayo huitwa Kosa la Kusahau, na adhabu yake si jela. Sisi si washenzi. Aliyesahau hufutiwa marehemu wake. Jina la marehemu hupigwa kalamu nyekundu katika Dibaji ya upande wake, halisomwi tena, na jiwe haliruhusiwi kuwekwa. Bi Tamari hakuwa na mtoto wala mume. Alikuwa na Elazi, ukurasa wa tisini na nne, mstari wa kumi na nne.

Alipoulizwa kama ana la kusema alisema kidogo tu. "Sikumsahau. Nilikuwa namkumbuka muda wote ule. Mikono ndiyo ilikuwa na kazi."

Mheshimiwa Asheri akatoa hotuba ndefu. Alisema taifa lisilokumbuka ni taifa lililokufa, na kwamba kumbukumbu ni ngao, ni upanga, na pia ni ukuta. Mheshimiwa Shawki akainuka kumpinga vikali, akasema kumbukumbu ni ukuta, ni upanga, na pia ni ngao. Walitazamana kwa chuki ya heshima na wakapumzika kwa chai, kila mmoja kwa saa yake.

Siku ya pili aliitwa Salwa kutoa ushahidi. Alikuja na mtoto mgongoni, bado anatembea polepole. Kwa kuwa mshtakiwa ni wa Juu na shahidi ni wa Chini, shahidi alitakiwa kwanza kuisoma Dibaji yote mbele ya wenyeviti. Mbele yao kusoma ni jambo zito: kila linalosomwa hapo ni rasmi, karani huliandika na mhuri hugongwa. Pamba zikagawiwa. Wenyeviti wakaziba, mawakili wakaziba, askari wakaziba, Salwa msomaji akaziba. Bi Tamari hakupewa, kwa sababu mtuhumiwa wa kesi ya pamba hawezi kukabidhiwa pamba mpaka kesi iishe. Mtu wa pili katika nchi hii tangu pamba ianze, baada yangu, akaisikia Dibaji ya wenzake.

Nilikuwa namtazama. Ukurasa wa kwanza alikunja uso. Ukurasa wa thelathini alifungua mdomo kama anayetaka kubisha, akaufunga. Kwenye wa hamsini, ule wa muuza vitambaa, aliinamisha kichwa. Saa mbili zikapita. Mheshimiwa Asheri alikuwa anasinzia na Mheshimiwa Shawki anakata kucha.

Kisha ukurasa wa tisini na nne. Salwa alisoma: "Na siku hiyo Mahir, aliyekwenda birikani kuchota maji, hakurudi."

Maneno hayo nimeyasikia mara elfu. Katika kitabu cha Juu yapo vile vile, Elazi aliyekwenda birikani kuchota maji hakurudi, na kwa miaka yote ile nilikuwa najua na nikakaa kimya, kwa sababu kiziwi hajui kitu.

Bi Tamari alisimama. "Alikuwa na miaka mingapi?" aliuliza.

Hakuna aliyemsikia. Salwa alikuwa ameshaanza mstari unaofuata. Bi Tamari akarudia swali kwa sauti kubwa, likapita juu ya vichwa vya watu wote wale wenye pamba, likaja mpaka kwangu. Alinitazama bila tumaini, kama mtu anavyoutazama mlango uliofungwa. Niliwaza kazi yangu. Niliwaza boksi alilosema alilichukua kwa nguvu. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka, haya masikio mazima ninayolishia familia.

Nikainuka, nikamgusa Salwa mkono, nikamwashiria atoe pamba. Nikamwambia kwa mdomo wangu, "Anauliza Mahir alikuwa na miaka mingapi."

Salwa alinikodolea macho, kisha akamgeukia yule mama. "Kumi na mmoja," alisema. "Alikuwa kaka yake baba yangu. Mimi sikumwona."

"Alikuwa mtoto wa namna gani?"

Salwa alifikiri. Katika kurasa mia moja na themanini hakuna jibu la swali hilo. "Bibi yangu anasema alikuwa anaogopa kuku. Wakimtuma nje lazima mtu awafukuze kuku kwanza."

Bi Tamari alicheka, halafu akashika uso kwa mikono ile miwili na kulia bila kujificha. "Elazi alikuwa na tisa. Alikuwa anaogopa vyura. Birika lilikuwa na vyura wengi, kwa hiyo kila siku nilikuwa nakwenda naye. Siku ile nilimkasirikia, sikwenda."

Hilo nalo halimo kitabuni. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwa miaka arobaini, na nani angemwambia?

Mheshimiwa Shawki aliona midomo inakwenda, akatikisa kichwa kuonyesha anafuatilia. Salwa alikuwa anaangalia karatasi iliyo mezani kwangu. Ilikuwa hukumu, iliyopigwa chapa tangu Jumatatu ili kuokoa muda wa kesi. "Watamfuta?" aliniuliza. Nikamwambia mchana, baada ya chakula.

Alimpangusa mtoto jasho, akarudi kwenye kitabu chake, Dibaji ya Chini, ukurasa wa tisini na nne. Akasoma mstari ambao haumo. "Na siku hiyo Elazi, miaka tisa, aliyekwenda birikani kuchota maji, hakurudi." Akanitazama kuona kama nitaandika.

Niliandika. Wenyeviti wote wawili walikuwepo, kwa hiyo ni rasmi. Niliwapelekea ukurasa, wakagonga mhuri bila kuamka vizuri.

Mchana hukumu ikasomwa, na Elazi akapigwa kalamu nyekundu katika kitabu cha Juu. Bi Tamari hakulalamika, jambo lililowasikitisha waandishi wa habari. Ila Chini ilikuwa imeongeza mstari, na kanuni ni kanuni: Juu nao lazima waongeze kabla jua halijatua. Asiye na jipya hupewa la zamani, na anayegawa la zamani ni karani. Saa kumi na moja na nusu nilifungua kitabu cha Juu na kuandika kwa mwandiko wangu mzuri: Mahir, miaka kumi na mmoja.

*

Amani haijapatikana, msije mkanisingizia. Mkutano uko mwaka wa thelathini na moja na ramani mpya imewasili. Mgao wa pamba umeongezwa mara mbili, ingawa Wizara inashangaa kwamba kila mwanamke anayekwenda kujifungua, wa Juu na wa Chini, siku hizi anaandikisha kwamba pakiti yake imekwisha. Bi Tamari haruhusiwi kuweka jiwe. Salwa anaruhusiwa, maana Elazi sasa ni marehemu wa Chini kisheria, na kila mwaka huja na binti yake kumwekea. Haya yote nayaandika bila hofu kubwa, kwa kuwa wakubwa wetu hawasikilizi na kusoma pia hawasomi.

Kwa hiyo kila asubuhi, Langoni, watu wa Chini huwasomea watu wa Juu kwa hasira jina la mtoto wa Juu, na watu wa Juu huwasomea watu wa Chini kwa hasira jina la mtoto wa Chini, na masikio yote yamezibwa, na hakuna aliyegundua.

Isipokuwa juzi. Mzee mmoja wa Juu, mkali, asiyependa mtu, alikuwa anamsomea muuza nyanya. Kwenye ukurasa wa tisini na nne alisita. Akaweka kidole juu ya mstari, akausoma tena kimoyomoyo.

"Huyu Mahir ni wa nani?" alisema, akijiuliza mwenyewe, maana mbele yake palikuwa na mtu mwenye pamba na pembeni yake kiziwi. "Miaka kumi na mmoja. Mbona simjui?"

Nilimgusa mkono. Nikamwashiria atoe pamba, naye kwa mshangao akaitoa.

"Alikuwa anaogopa kuku," nikamwambia.